Mapigo 152 kifuani, 98 mkononi: uchambuzi wa kisa cha mama mwenye moyo unaodunda bila mpangilio

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinatoka wodi ya wanawake ya hospitali moja mkoani Kigoma. Jina la mgonjwa, kijiji, mwaka na chochote kinachoweza kumtambulisha yeye au watumishi vimeondolewa. Tunamwita Mama T. Tumekiandika kwa ajili ya wauguzi wa wodi na zahanati, hasa wanaofanya kazi pasipo monita ya moyo kando ya kitanda, kwa sababu hapo ndipo vidole, stetoskopu na saa ya mkononi vinapoamua mambo mengi.

Historia ya mgonjwa

Mama T. ana miaka thelathini na kitu. Anakausha na kuuza dagaa kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Utotoni aliwahi kuumwa koo, na wiki chache baadaye akapata homa na viungo kuvimba: goti hili leo, kifundo kile kesho kutwa. Alipona, hakuna aliyelifuatilia. Katika mimba yake ya mwisho alikuwa akichoka kupita kiasi na alilala ameegemea ukuta, akaambiwa ni uzito wa mimba.

Wiki tatu kabla ya kulazwa alianza kukohoa na kukosa pumzi alalapo chali. Alitibiwa mara mbili karibu na kwao. Mara ya kwanza kipimo cha malaria kilikuwa hasi, akapewa antibiotiki. Mara ya pili alisikika akikoroma kifuani, ikadhaniwa ni pumu, akapewa salbutamoli. Dawa hiyo hufungua njia za hewa, lakini pia huongeza kasi ya moyo, na kwa mama huyu ilikuwa kuchochea moto. Kwenye kadi yake mapigo yaliandikwa 92, kisha 96. Namba zote mbili zilitoka kwenye kifaa cha kubana kidole.

Alivyofika

Alifika saa 10 jioni akisaidiwa na shemeji yake. Muuguzi wa zamu, binti mdogo kwake, alimwamkia, akamuuliza anajisikiaje. Jibu lake liliandikwa kwenye faili kama alivyolisema, na ni vizuri liliandikwa hivyo: "Moyo unaruka mwanangu, unasimama kidogo, halafu unaruka tena ovyo ovyo."

Joto lilikuwa 36.8, pumzi 32 kwa dakika, oksijeni asilimia 88 bila msaada wa hewa, uzito kilo 51. Miguu ilikuwa imevimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Mashine ya presha ilitoa 121/90, ikafuata alama ya hitilafu, kisha 98/61, yote ndani ya dakika tano. Kifaa cha kidoleni kilionyesha mapigo 94.

Muuguzi angeweza kuandika 94 na kuendelea na mgonjwa mwingine. Badala yake aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akakuta mapigo hayafuati mwendo wowote. Mengine yalikuwa na nguvu, mengine hafifu, mengine yalichelewa, na hayakurudia mtindo uleule hata mara moja. Akamwita mwenzake.

Dakika moja ya watu wawili

Hatua hii inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu mara nyingi hufanywa nusunusu.

Muuguzi wa kwanza aliweka stetoskopu kwenye kilele cha moyo, yaani nafasi ya tano kati ya mbavu, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga wa kushoto. Kama moyo umepanuka, kilele husogea kuelekea kwapani, hivyo alikitafuta kwanza kwa kiganja. Wa pili alishika mshipa wa kifundo cha mkono. Walitumia saa moja, na mwenye saa ndiye aliyesema "anza" na "acha". Walihesabu sekunde 60 kamili. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 kunafaa kwa moyo ulio na mpangilio tu. Moyo wa aina hii unaweza kukupa 30 katika robo dakika ya kwanza na 44 katika inayofuata.

Kifuani walipata 152. Mkononi 98. Pengo lilikuwa 54.

Pengo hilo lina maana. Moyo unapokimbia bila mpangilio, baadhi ya mapigo huja mapema mno, kabla chumba cha chini hakijajaa. Kinabana damu kidogo sana, isiyoweza kusukuma wimbi likafika mkononi. Sikio kifuani linasikia, kidole mkononi hakihisi kitu, na kifaa cha kidoleni nacho hakioni kitu. Ndiyo maana 92, 96 na 94 zilionekana namba za kawaida huku moyo wenyewe ukienda zaidi ya 150.

Presha ilipimwa upya kwa mashine ya mkono. Hewa ilitolewa polepole, kiasi cha milimita 2 kwa sekunde, mara tatu: 108/70, 102/68 na 112/72. Iliyoandikwa ni wastani, 107/70. Mashine ya umeme hutegemea mapigo yafanane ndipo ikokotoe, na hapa hayakufanana.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilithibitisha fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo (atria) kutetemeka badala ya kubana kwa mpangilio: mistari ya R, alama ya vyumba vya chini kubana, ilikuwa kwa umbali usiolingana, na mawimbi ya P, alama ya vyumba vya juu, hayakuwepo. Kwenye ukanda wa sekunde 10 walihesabu R 25, wakazidisha kwa 6, wakapata 150, karibu sawa na hesabu ya sikio.

Maamuzi ya usiku wa kwanza, na sababu zake

Daktari wa zamu aliitwa kwa maneno haya: "Mapigo kifuani 152, mkononi 98, hayana mpangilio, presha 107 kwa 70, oksijeni 88, mapafu yana maji, ana akili timamu." Sentensi moja, kila kitu kimo. Alifika mara moja.

Mama T. aliketishwa wima, miguu ikining'inia kando ya kitanda, akapewa oksijeni lita 4 kwa dakika puani hadi ikapanda kufikia 95. Aliwekewa kanula lakini hakutundikiwa dripu. Presha ya 107 huwashawishi wengi kuongeza maji, na maji yangemzamisha. Furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, mg 40 ilipitishwa kwenye mshipa kwa kasi isiyozidi mg 4 kwa dakika, yaani dakika 10 nzima. Mkojo ulipimwa kila ulipotoka. Hadi saa 12 asubuhi ulifika mililita 1,350.

Moyo haukupigwa shoti ya umeme. Presha ilitosha, fahamu ilikuwepo, na hakuna aliyejua fibrilesheni ilianza lini. Ikizidi saa 48, damu iliyotuama kwenye atria huweza kuwa imeganda. Moyo ukirudishwa ghafla kwenye mpangilio, bonge huweza kurushwa hadi kwenye ubongo. Kwa mgonjwa anayestahimili, hutangulizwa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa wiki tatu.

Ili kupunguza kasi, daktari alichagua digoksini. Beta bloka, kundi jingine la dawa za kupunguza kasi, ingeweza kuushusha moyo nguvu wakati mapafu bado yamejaa. Alipewa mg 0.5 saa 12 jioni, mg 0.25 saa 6 usiku, na mg 0.25 saa 12 asubuhi. Kabla ya kila dozi kilele kilihesabiwa dakika nzima na pengo likaandikwa. Saa 6 usiku kilele kilikuwa 128 na pengo 31. Asubuhi 104 na pengo 12. Pengo linaposinyaa, maana yake ni kwamba mapigo mengi zaidi sasa yanabeba damu ya kutosha kufika mkononi. Hiyo ni dalili kwamba tiba inafanya kazi, na huweza kuonekana hata kabla mgonjwa hajasema amepata nafuu.

Siku ya pili kipimo cha mimba kilikuwa hasi na INR 1.1. INR ni kipimo cha damu kuganda: namba ikipanda, damu inachelewa kuganda. Dawa mbili za kuzuia damu kuganda zilianzishwa: warfarini mg 5 kila jioni, pamoja na enoksaparini mg 50 chini ya ngozi kila baada ya saa 12, yaani mg 1 kwa kilo. Bomba lililokuwepo lilikuwa la mg 60. Ili kutoa mg 10 zilizozidi, yaani mililita 0.1, sindano huelekezwa chini ndipo ikasukumwa. Ukiielekeza juu, kiputo cha hewa ndicho kinachotoka, na kipimo kinabaki palepale.

Ultrasaundi ya moyo siku ya tatu ilionyesha chanzo: valvu iliyo kati ya atria na ventrikali (chumba cha chini) ya kushoto imeshikana na tundu lake kuwa jembamba, eneo la sentimita za mraba 1.1, wakati ya mtu mzima mwenye afya huwa 4 hadi 6. Ni kovu la homa ya rumatiki ya utotoni. Kwenye valvu kama hiyo damu inahitaji muda ili ipenye. Moyo ukikimbia, muda wa kujaza unakatwa, damu inarudi nyuma, mapafu yanajaa. Kwa hiyo kushusha kasi ndiyo tiba ya mapafu pia. Na kwa sababu ya valvu hiyo, dawa yake ya kuzuia damu kuganda ni warfarini, wala si zile mpya zisizohitaji INR. Utafiti wa INVICTUS uliochapishwa mwaka 2022, uliohusu wagonjwa wa fibrilesheni yenye chanzo cha rumatiki, ulionyesha dawa za kundi la warfarini zikiwa na matokeo bora kuliko rivaroksabani, mojawapo ya hizo mpya.

Siku ya tano hadi ya nane: mambo yalipoharibika

Potasiamu ya kwanza katika damu ilirudi 3.1, chini ya kawaida. Aliandikiwa tembe za kloridi ya potasiamu mg 600, mbili mara tatu kwa siku. Kwenye chati zilionekana zimetolewa zote.

Siku ya tano jioni hakutaka chakula. Usiku alitapika mara mbili. Iliandikwa "huenda ni vidonda vya tumbo", akapewa dawa ya kupunguza asidi. Mapigo ya mkononi yaliandikwa 60, na pembeni maneno "yametulia, yana mpangilio".

Asubuhi ya siku ya sita, kabla ya dozi, muuguzi alisikiliza kilele: 50, sawasawa kabisa, pengo sifuri. Alizuia digoksini na kumwita daktari. ECG ilionyesha mapigo 48 yaliyopangika, bila wimbi la P. Atria zilikuwa bado zinatetemeka, lakini digoksini ilikuwa imeufunga mlango wa kupitisha umeme kwenda chini. Moyo ulikuwa ukiendeshwa na kituo cha akiba.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ni mtego mkubwa. Mgonjwa wa fibrilesheni anayetumia digoksini, mapigo yake yakigeuka ghafla kuwa polepole na yenye mpangilio, usimpongeze. Hilo ni jambo la kumwita daktari sasa hivi. Mgonjwa akikosa hamu ya kula, akitapika, au akisema vitu anaviona vya manjano, dalili hizo ni za dawa mpaka ithibitike vinginevyo.

Sababu mbili zilipatikana. Amri ya daktari ilikuwa mg 0.125 kwa siku, na vidonge vilivyokuwepo stoo ni vya mg 0.25. Chati mpya ilipofunguliwa siku ya pili, amri ilinakiliwa "kidonge 1" badala ya nusu. Kwa siku nne alikula dozi maradufu ya iliyoamriwa. Ya pili ilikuwa kwenye pindo la kanga yake: tembe 14 za potasiamu zilizofungwa fundo. "Ni makubwa, yanakwama kooni, na nyie mna kazi nyingi," alimweleza muuguzi. Potasiamu ilikuwa imeshuka hadi 2.9, kwani furosemaidi iliendelea kuitoa kwenye mkojo. Potasiamu ikipungua, digoksini huishika misuli ya moyo kwa nguvu zaidi.

Digoksini ilisimamishwa, furosemaidi ikapumzishwa siku moja, potasiamu ikatolewa kwa njia ya maji ya kunywa, huku ikipimwa kila siku. Hapa haipaswi kukimbizwa, maana potasiamu ikizidi kwa mgonjwa mwenye moyo uliofungwa namna hii, nayo huusimamisha. Atropini, dawa ya kuongeza kasi ya moyo, ilivutwa tayari na kuwekwa kando ya kitanda, haikuhitajika. Kilele kilihesabiwa kila saa. Siku ya nane mapigo yalirudi kuwa ovyo, 74 kwa dakika, na kwa mara ya kwanza wodi ilifurahia mapigo yasiyo na mpangilio.

Matokeo

Siku ya tisa kasi ilipanda hadi 102. Mapafu yalikuwa yamekauka, hivyo alianzishiwa bisoprololi mg 2.5, ambayo ni beta bloka, na digoksini haikurudishwa. INR ilifika 2.2 siku ya saba na 2.4 siku ya nane, enoksaparini ikaachwa. Aliondoka siku ya 13 akiwa na kilo 46.5, kilele 82, pengo 4, akitumia pia furosemaidi ya kunywa na spironolaktoni mg 25 ili potasiamu isipotee.

Wiki tatu za kwanza alikaa Ujiji kwa ndugu yake, kwa sababu INR ilihitajika kila wiki na boti ya kwao si ya kutegemewa kila wiki. Baada ya hapo kipimo kiliwekwa mara moja kwa mwezi, na siku ilichaguliwa naye: wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa taa wanapopumzika na hakuna dagaa wa kuanika. Hajakosa hata kliniki moja tangu hapo. Mwezi wa pili INR ilikuwa 5.4, bila kutoka damu popote. Alikuwa ameharisha, duka la dawa likamuuzia metronidazo, ambayo huongeza nguvu ya warfarini. Aliacha warfarini siku mbili, ikapimwa tena, ikashuka. Amepewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kuangaliwa kama valvu inaweza kupanuliwa kwa puto.

Uchambuzi

Kilichomwokoa siku ya kwanza na siku ya sita ni kitendo kilekile: mtu kusikiliza kilele kwa dakika nzima. Kilichomchelewesha zahanati na kumhatarisha usiku wa siku ya tano nacho ni kimoja: namba iliyosomwa mbali na moyo. Mapigo 96 yalificha moyo wa kasi, na 60 ya mkononi yalionekana nafuu kwa sababu hakuna aliyejiuliza kwa nini mpangilio umerudi. Baada ya kisa hiki chati ya wodi imeongezwa safu tatu kwa kila mgonjwa wa aina hii: kilele, mkono, na mpangilio (upo au haupo). Safu ya tatu ndiyo yenye thamani zaidi. Ikigeuka kutoka "haupo" kuwa "upo", zamu inapaswa kusimama na kuuliza.

Kosa la nusu kidonge lingeweza kumpata yeyote. Amri za digoksini sasa zinaandikwa kwa miligramu na kwa idadi ya vidonge pamoja, "0.125 mg = NUSU ya kidonge cha 0.25", na anayenakili chati husomewa na mwenzake amri ya asili. Vidonge hukatwa famasi, havikatwi kwa wembe kitandani.

Kuhusu tembe za kwenye kanga, mgonjwa hana lawama. Tembe hizo ni kubwa kweli, na hazisagwi wala kutafunwa kwa kuwa zimetengenezwa ziyeyuke polepole. Zinahitaji mtu aketi wima na bilauri nzima ya maji, halafu muuguzi asubiri zimezwe. Mama T. alikuwa ameambiwa apunguze maji, naye alitii vyema mno. Hakuna aliyemwambia kwamba maji ya dawa yamo kwenye hesabu yake ya siku.

Elimu ya kurudi nyumbani ilifaulu zaidi pale ilipogusa maisha yake. Hakukatazwa mboga za majani. Angekatazwa, angebaki na ugali na dagaa, na siku ya harusi angekula kisamvu sahani nzima, INR ikaporomoka. Aliambiwa matembele, mchicha na kisamvu ale kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Kwa kuwa hana mizani, alifundishwa kutazama alama ya kandambili kwenye nyayo na kuhesabu mito anayolalia. Kadi yake imeandikwa "saa 2 usiku" badala ya 20:00, kwa sababu namba za chati za hospitali hazisomeki vivyo hivyo nyumbani. Uzazi wa mpango ulizungumzwa naye na mumewe pamoja: warfarini hudhuru mimba changa, na vidonge vya uzazi vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Walichagua kipandikizi.

Suala la penisilini liliamuliwa siku ya mwisho, ilhali lilistahili kuanza siku ya tatu, chanzo kilipojulikana. Kinga ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi kwa kawaida ni benzathini penisilini ya msuli kila wiki tatu au nne. Lakini sindano ya msuli kwa anayetumia warfarini huweza kuleta uvimbe wa damu, na mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri wenye valvu zilizoharibika sana wafikiriwe kinga ya kunywa, kwa kuwa baadhi yao huweza kuzidiwa ghafla mara baada ya sindano. Alipewa penisilini V mg 250 mara mbili kwa siku, na kadi ikaandikwa kwa wino mwekundu "ASICHOMWE SINDANO YA MSULI".

Kadi hiyo ilifika zahanati ya kwao pamoja na barua, lakini muuza duka la dawa hakuiona, na ndipo metronidazo ilipopita. Sasa Mama T. anabeba nakala ya pili ndani ya kifuko cha simu, ikiwa na orodha ya dawa za kuepuka bila ushauri: metronidazo, kotrimoksazo, diklofenaki, aspirini, na dawa za mitishamba. Namba ya simu ya wodi imeandikwa juu kabisa, na muuza duka ameshaipiga mara moja kuuliza kabla ya kuuza.